Wavu wa Honoria

Skelbeck, Yorkshire
11 Julai 1976

Mdogo wangu Mavis,

Salamu kwako na kwa Douglas, na kuku wako wote. Sisi huku tunaiva. Mvua ya maana hatujaiona tangu Mei, maji ya bomba yamekatwa, tunapanga foleni barabarani na ndoo, na kasisi ametangaza kanisani kwamba mwaka huu kuoga wawili wawili si dhambi maadamu mmeoana. Mimi mgane nitabaki na vumbi langu. Kifua ni kilekile.

Mdogo wetu Wilf hajambo. Anashinda shambani Thorngill na ng'ombe wake kumi na mmoja, anawachotea maji kijitoni, kila mmoja na ndoo yake. Jumapili nilimpelekea pai, akaimega ganda akampa Duchess. Nikamwambia, "Wilf, ng'ombe hali pai." Akasema, "Huyu anakula, Cuth. Wewe hujawahi kumuuliza." Miaka arobaini na tisa na bado yuko hivyo.

Sasa vita vyangu. Unajua nilivyoikeshea reli hii ya Baba. Serikali iliifunga, sisi wastaafu tukaifufua kwa mikono yetu, na watu wanatoka mbali kuja kupanda treni ya mvuke kwa raha tu. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati na ndiye dereva wa Honoria, kichwa kilekile alichokiendesha Baba. Basi kuna mama mmoja, Bi Threlfall, amehamia juzi tu kutoka mjini na mbwa wake wawili, ameandika gazetini kwamba Honoria ni "jiko linalotembea" na kwa ukame huu litateketeza bonde zima. Watu wameanza kumsikiliza. Zimamoto wanataka tutumie kichwa cha dizeli mpaka mvua irudi. Tulijaribu wiki moja. Watoto walilia. Mzee mmoja aliyetoka Leeds alilitazama lile dude, akarudi kwenye gari lake bila hata kunywa chai.

Tukakubaliana na zimamoto tumfunge Honoria ule wavu wa chuma ndani, chini ya bomba la moshi, unase cheche. Lakini unamziba pumzi. Jumanne alizimia katikati ya mwinuko wa Ravenbank na abiria mia na ishirini, tukakaa juani saa nzima mpaka dizeli likaja kutuburuta. Bi Threlfall alikuwa kwenye ua wake akitupungia mkono, mshenzi yule.

Tarehe 14 Agosti tutaita waandishi na wapiga picha waone wenyewe kwamba mvuke ni salama. Bi Threlfall nimemwalika akae behewa la mbele kabisa. Atameza maneno yake na keki juu.

Kaka yako,
Cuthbert

* * *

Hobart, Tasmania
24 Julai 1976

Kaka Cuthbert,

Barua yako imefika na vumbi lenu ndani yake, nadhani. Hapa ni baridi, asubuhi nyasi zimegeuka nyeupe na kuku wamegoma kutaga. Douglas mgongo unamsumbua lakini amemaliza chumba cha nyuma. Kina dirisha kubwa, nimekishonea pazia za rangi ya waridi. Hakuna anayelala humo, lakini napenda kuingia na kikombe changu cha chai na kukaa.

Nakutumia soksi za Wilf, jozi tatu. Mwambie asiwavishe ng'ombe.

Kaka, nikuambie jambo na usinune. Mwaka kama huu Baba asingemtoa Honoria karakanani. Au akimtoa, ni kwa wavu, hata kama watamtukana kwa kuchelewa. Umesahau alivyokuwa akituonyesha? Ukiwa na wavu, cheche zinatoka kama unga na kuzima hewani. Bila wavu zinatoka kama mbaazi, na mbaazi inafika chini ikiwa bado nyekundu. Ghala la Wilf liko chini ya Ravenbank palepale, hatua ishirini kutoka relini, na kwa kiangazi hiki najua limejaa majani makavu mpaka darini. Huyo Bi Threlfall simjui, lakini sioni kosa lake.

Acha maonyesho. Subiri mvua.

Mavis

* * *

Skelbeck
20 Agosti 1976

Mdogo wangu Mavis,

Kaa kwanza, ndipo usome. Sisi ni wazima kwa maana ya kwamba tunapumua.

Ghala la Thorngill limeungua Jumamosi, lote. Ng'ombe tisa wamekufa ndani. Wilf yu hai, yuko hospitali, mikono yake yote miwili imeungua vibaya kwa sababu aliingia mara tatu kuwafungua. Aliwatoa wawili. Mara ya nne walimkalia kifuani watu wanne wasimwachie. Nilimsikia akiwaita wale waliobaki kwa majina. Sitaki kuliandika zaidi hilo.

Chanzo ni kiko chake cha tumbaku. Nilikiokota mwenyewe kwenye majivu, karibu na mlango, nikamkabidhi sajini wa polisi. Hakuna anayemlaumu, Mavis. Kila mtu anajua akili yake ilivyo taratibu. Watu wamekuwa wema sana, wameleta supu na mablanketi.

Na ni uchungu mkubwa, kwa sababu siku yenyewe ilikuwa imetuendea vizuri kuliko siku yoyote tangu tufungue. Honoria alipanda Ravenbank bila kukohoa hata mara moja, moshi umesimama juu, wapiga picha hamsini kwenye ukingo wakipiga makofi. Bi Threlfall alishuka kileleni ameshika kofia yake. Tulikuwa ukumbini tunakunywa chai ndipo mtu akaja mbio kusema Thorngill inawaka. Vijana wetu wa reli ndio waliofika wa kwanza na vipigio vya kuzimia moto, wakauzuia usipande nyikani. Gazeti limewaita mashujaa. Bi Threlfall ameandika barua ukurasa wa pili akiiomba radhi reli hadharani, na kusema hatari ya kweli bondeni ni uzembe wa watu na tumbaku yao.

Niombee.

Cuthbert

* * *

Hobart
31 Agosti 1976

Kaka,

Nimelia mpaka Douglas akadhani ni wewe umekufa. Nimemwambia ni ng'ombe wa nyumbani. Akasema pole, akarudi kwenye redio.

Mikono yake inaendeleaje? Ataweza kushika kijiko? Ataweza kukamua? Nani anamlisha? Andika mambo hayo kwanza barua ijayo, kabla ya gazeti na kabla ya Honoria.

Halafu unijibu maswali yangu. La kwanza, Wilf alikuwa wapi moto ulipoanza? La pili, nani alimwona akivuta? Tangu Baba alipomchapa kwa kuwasha kiko ghalani akiwa na miaka kumi na sita, Wilf hajawahi kuwasha tena karibu na majani. Anakwenda mpaka ng'ambo ya kijito ndipo anawasha, hata mvua ikinyesha. Unajua hivyo kama ninavyojua mimi.

La tatu. Julai uliniambia wavu unamziba pumzi Honoria mpaka anazimia njiani. Agosti unaniambia amepanda mwinuko uleule bila kukohoa. Je, siku hiyo wavu ulikuwemo?

Mavis

* * *

Skelbeck
15 Septemba 1976

Mdogo wangu Mavis,

Mvua imerudi, ungedhani inalipa kisasi. Bonde lote ni matope na kila mtu anatembea akitabasamu kama mwehu. Bibi wa posta ameanguka kwenye ngazi zake akavunjika nyonga. Kifua changu kinachukia unyevu, sasa nalala nimekaa kwenye kiti.

Umeniuliza kuhusu mikono. Vidole vya kulia vimeshikana. Vya kushoto vinafunguka kidogo, kijiko anashika, kukamua hapana. Hospitali imemtoa na halmashauri imempeleka Fell View, yale makao ya watu wasiojiweza kule mjini. Panatunzwa vizuri, pana televisheni. Hawamruhusu kutoka peke yake wala kukaa karibu na jiko. Ng'ombe wawili waliobaki amewachukua jirani.

Tarehe 2 Desemba kutakuwa na kikao ukumbini. Binti mmoja wa ustawi wa jamii, Bi Pickersgill, ndiye atakayeamua kama Wilf anarudi nyumbani Thorngill au anabaki Fell View maisha. Ameniambia waziwazi kwamba mtu aliyewasha moto haachwi kuishi peke yake. Wilf anaulizia nyumbani kila siku. Amesema kule hawamruhusu hata kufungua dirisha.

Maswali yako ya mafundi waachie mafundi. Sajini ameridhika, zimamoto wameridhika, kijiji kimeridhika.

Nawaza kwa sauti tu, Mavis. Mna kile chumba cha nyuma, chenye dirisha kubwa.

Cuthbert

* * *

Hobart
27 Septemba 1976

Kaka Cuthbert,

Kuku wameanza kutaga tena, mayai kumi na tisa wiki hii. Mgongo wa Douglas umekuwa mbaya, daktari amemkataza kuinua hata birika. Majirani wetu wamepata mjukuu, mwekundu kama nyanya.

Kile chumba kina unyevu. Tumegundua hivi karibuni.

Unasema maswali yangu ni ya mafundi. Mimi nimezaliwa karakanani, Cuthbert. Wewe ulikuwa unajificha usipakwe masizi, mimi ndiye niliyekuwa naingia kwenye tumbo la Honoria na taa kumshikia Baba spana. Nauliza mara ya pili. Wavu ulikuwemo?

Mpe Wilf salamu zangu. Muulize kama soksi zilimtosha.

Mavis

* * *

Skelbeck
18 Oktoba 1976

Mdogo wangu Mavis,

Soksi zilimtosha. Fell View wamezifua pamoja na za wengine na sasa zimevaliwa na mzee mmoja asiyejua hata jina lake, lakini zilimtosha.

Nilikwenda kumwona Jumapili. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Nakuandikia tulivyozungumza, kwa kuwa unadhani ninakuficha mambo.

Akasema, "Cuth, mimi sikuwasha."

"Kiko chako kilikuwa ghalani, Wilf."

"Kilidondoka nilipoingia kumtoa Duchess. Sikuwa nimewasha. Nilikuwa kijitoni."

"Una hakika?"

"Nina hakika kabisa."

"Una hakika kama ulivyokuwa na hakika umefunga lango mwaka jana, kondoo wa watu wakaingia barabarani?"

Akaangalia mikono yake. "Lile nilisahau," akasema.

"Ndiyo, ulisahau."

"Basi labda na hili nilisahau." Akaniinulia macho. "Labda niliwasha halafu nikasahau, Cuth. Niliwaua mimi?"

Nikamwambia mtu akishakubali kosa lake analala vizuri. Muuguzi anasema tangu siku hiyo kweli analala vizuri zaidi. Chakula cha moto hataki tena, anaomba kipoe kwanza.

Nimekuwekea kalenda yetu ya mwaka ujao, imetoka juzi na imeshaisha dukani. Ukurasa wa Agosti ndio ule wa siku yenyewe, Honoria akipanda Ravenbank. Wote wanasema hakuna picha ya mvuke iliyopigwa nchi hii ikafikia hiyo. Huyo dirishani ni mimi, ukitazama vizuri.

Sasa nijibu wazi, na mambo ya unyevu uyaache. Chumba kipo au hakipo? Kikao ni tarehe 2 Desemba.

Cuthbert

* * *

Hobart
29 Oktoba 1976

Cuthbert,

Nimetazama vizuri. Nimechukua ile lenzi ya Douglas ya kutazamia stempu, nikakaa dirishani nusu siku.

Nimekuona, umevimba kwa fahari. Nimeona kinachotoka juu ya kichwa chako pia. Sio unga. Ni mbaazi, Cuthbert, mamia, na nyingine bado zinang'aa zikiwa zimeshuka mpaka usawa wa madirisha. Hiyo injini haina wavu ndani. Wapiga picha wako wanaziona ni pambo.

Nyuma ya behewa la mwisho, kwenye ukingo juu ya ghala, kuna nyuzi tatu za moshi zinapanda kutoka kwenye nyasi. Kwa jicho tupu ungesema ni madoa ya wino. Na chini kabisa pembeni, kijitoni, kuna mtu ameinama na ndoo mbili. Yuko mbali na ghala kiasi kwamba mtoto mwenye mbio angechoka kabla ya kufika. Huyo ni Wilf. Moto unaanza juu ya ghala, na yeye anawachotea maji ng'ombe.

Mmeichapisha na mmeiuza. Imetundikwa jikoni kwa watu wote wa bonde, na hakuna aliyeona, kwa sababu hakuna aliyetaka kuona. Wanaipenda mno Honoria yao. Ilikuwa rahisi kwao kuamini ubaya wa mtu kuliko ubaya wa chuma.

Ulimwingia ndugu yako kwenye kile kichwa chake cha taratibu ukamtolea humo jambo pekee alilokuwa na hakika nalo. Halafu ukaniandikia mimi, na fahari juu.

Tarehe 2 Desemba utasimama mbele ya Bi Pickersgill na kijiji kizima useme kwamba wavu haukuwemo. Usiposema, lenzi na kalenda vinakwenda London, kwa mkaguzi wa reli.

Mavis

* * *

Skelbeck
9 Novemba 1976

Mavis,

Salamu tuache leo.

Niliutoa. Mimi mwenyewe, asubuhi ya siku ile kabla wenzangu hawajafika, kwa spana ya Baba. Hakuna mwingine anayejua. Nilijua ukiwemo atazimia tena mwinukoni, safari hii mbele ya magazeti na yule mama kwenye behewa la kwanza, na kesho yake wangesema si hatari tu, ni mkweche pia. Niliita watu waje waone mvuke ni salama, nikatoa kile kinachoufanya uwe salama ili wasituone wanyonge. Cheka ukitaka. Mimi huwa nacheka, nikiwa peke yangu kwenye kile kiti changu, mpaka kifua kinanibana.

Jioni niliurudisha. Zimamoto walipokuja kukagua Jumatatu waliukuta mahali pake, wakanipa mkono.

Mkaguzi akijua, Honoria hatawashwa tena. Wazee thelathini watarudi majumbani kutazama ukuta mpaka wafe. Lakini sikuombi chochote. Ipeleke hiyo kalenda.

Ila ujue kitakachofuata. Nilimuuliza Bi Pickersgill, kijuujuu tu, je, ikionekana moto si wa Wilf? Akasema, basi hana sababu ya kumzuia Fell View, mtu asiye na kosa ana haki ya kwenda kwa ndugu zake. Thorngill peke yake haiwezekani tena, kwa mikono ile hawezi hata kufunga vifungo. Ni lazima awe na ndugu nyumba moja naye. Mimi nalala nimekaa, daktari ameshamwandikia kwamba sifai. Akauliza, "Hakuna ndugu mwingine?" Nikamwambia nitaangalia.

Kwa hiyo siku ukweli wako utakapofika London, anwani yako itafika mezani kwa Bi Pickersgill. Nimeshaiandika kwenye bahasha. Utaimba kwa furaha, au siyo? Si unampenda? Unamfumia soksi. Miaka ishirini na miwili umempenda kutoka upande wa pili wa dunia, ambako mapenzi hayanuki zizi. Hata picha ya harusi yangu uliomba tukutumie ile ambayo Wilf hayumo. Ulidhani sikuelewa?

Nilimdokeza Wilf kwamba Tasmania kuna ng'ombe. Sasa kila nikienda ananiuliza wanaitwaje.

Andika upesi. Chochote utakachochagua, nitakifuata.

Cuthbert

* * *

Hobart
20 Novemba 1976

Kaka Cuthbert,

Natumaini kifua kimetulia. Sisi tu wazima. Majira ya joto yanaanza, Douglas ameweza kutembea mpaka dukani.

Nimeandika barua hii mara tano. Hii ni ya sita na ndiyo fupi kuliko zote.

Hapa watu wanajua nina kaka mmoja, dereva wa treni. Ndivyo nilivyosema niliposhuka melini, kwa sababu mama yake Douglas aliniuliza kama kwetu kuna ugonjwa wowote wa akili, na nilikuwa na miaka ishirini na minane na sikutaka kurudi Skelbeck. Nilidhani nitamweleza Douglas baadaye. Soksi huwa nafuma akiwa kazini.

Wiki iliyopita aliikuta kalenda mezani. Akaipenda sana. Akachukua lenzi yake, akatazama, akauliza, "Yule mwenye ndoo ni nani?" Nilikuwa na nafasi hapo, Cuthbert. Alikuwa amenigeuzia uso, anasubiri. Nikasema simjui, mkulima tu.

Ameitundika jikoni. Nimemwachia.

Kile chumba nimekifanya cha kushonea.

Umesema kweli kwamba Wilf ni msahaulifu. Labda aliwasha kweli. Lenzi ya Douglas ni ya zamani, na macho yangu si yale ya zamani. Sitaandika London. Wewe usitume ile bahasha, na usiniandikie tena habari za chumba.

Mwambie ng'ombe wa huku hawana majina.

Mavis

* * *

Skelbeck
6 Desemba 1976

Mdogo wangu Mavis,

Heri ya Krismasi mapema, kwako na kwa Douglas. Theluji imeanza kuanguka nyikani na bibi wa posta ametoka hospitali na nyonga ya chuma. Anasema sasa na yeye apewe zamu relini.

Kikao hakikuchukua hata dakika kumi. Sikulazimika kusema lolote. Bi Pickersgill aliuliza kama kuna ndugu mwenye nafasi, nikasema hakuna. Halafu Wilf akasimama mwenyewe, bila kuitwa, na suti ya Baba ambayo wauguzi walimfungia vifungo. Akasema, "Ni mimi niliyewasha. Nilisahau. Naomba msamaha kwa watu wa reli, kwa kuwatia hofu siku yao nzuri." Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Bi Threlfall alilia, akamletea keki akamlisha kwa mkono wake. Sijawahi kuona watu wamependana hivyo hapa kijijini.

Basi atabaki Fell View. Thorngill tutaifunga mwezi ujao. Zimamoto wametupa kibali cha mvuke kwa kiangazi kijacho chote, na wageni wameanza kuandikisha nafasi.

Niliporudi naye garini aliniuliza kama wewe umemsamehe, kwa sababu walikuwa ng'ombe wa Baba na kwa hiyo walikuwa wako pia. Nikamwambia ndiyo, umemsamehe. Alifurahi sana. Kwa kuwa hawezi kushika kalamu, ameniomba nikuandikie kwa niaba yake: asante, Mavis.

Kaka yako,
Cuthbert